Visheti vya Harusi Isiyofungwa

Visheti vya harusi ya shangazi yangu tulivila karibu mwezi mzima, na harusi yenyewe haikufungwa. Tulivila asubuhi kwa chai ya rangi, tukavila alasiri tukitoka chuo cha Kurani, na majirani waliokuja kumpa bibi pole walipakuliwa sahanini kama waalikwa. Hakuna aliyethubutu kuvitupa. Sukari ya shira ile ilikuwa imekusanywa kwa miezi, kwa kibali cha mjumbe wa nyumba kumi na kwa foleni za alfajiri mbele ya duka la ushirika, na bibi alikuwa mtu wa kuokota hata punje ya mchele iliyoangukia mkekani. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyejua bibi harusi alikokwenda, nami nilitafuna nikanyamaza.

Tulikaa Tabora mjini, katika nyumba yenye kibaraza kipana kando ya barabara ambayo watu wazima waliita njia ya misafara, kwa kuwa wapagazi wa zamani walipita hapo na mizigo yao wakielekea Ujiji. Babu alikuwa amekwisha kufariki, na nyumba ilikuwa ya bibi. Baba alishona nguo kwenye baraza la duka moja la sokoni. Mama alikuwa na wadogo zangu wawili waliofuatana kwa karibu sana, hivyo mimi nikawa wa shangazi. Nililala naye na nilioga naye. Alikokwenda nilikwenda.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa bibi, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, asiyesema sana. Maneno yake yalikuwa mikononi. Siku ambazo sukari haikupatikana, na siku hizo zilikuwa nyingi, alipika kashata kwa asali ya Sikonge, ile nyeusi ya misituni iliyoletwa mjini kwa baiskeli ndani ya madebe, yenye ladha ya moshi kwa mbali. Aliichemsha polepole, akangoja povu lipande na kushuka, akamwaga karanga zilizokaangwa na kupepetwa, akakoroga mara chache kwa nguvu, kisha akaitandaza yote kwenye sinia lililopakwa samli. Mwiko alinipa mimi niulambe. Vitumbua alivipika kwa maziwa, maana nazi zilitoka pwani kwa treni na zilipofika kwetu nusu yake zilikuwa zimeoza. Bibi alisema kitumbua bila nazi ni uji uliokaangwa. Lakini alikula vitano, wakati mwingine sita.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri shangazi aliomba ruhusa ya kwenda mjini kununua uzi wa kudarizi. Alikuwa anadarizi foronya zake za harusi, kwa kuwa alikuwa ameposwa na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mjane, mtu wa heshima mwenye umri unaokaribia wa baba. Bibi alimruhusu kwa sharti moja, kwamba aende na mimi. Mtoto ni mlinzi, alisema.

Hizo ndizo Jumamosi nilizozipenda kuliko sikukuu. Uzi tuliununua dakika chache tu. Baada ya hapo tuliingia mgahawani, tukakaa upande wa nyuma uliotengwa kwa pazia kwa ajili ya wanawake, tukaagiza chai ya maziwa na sambusa mbili. Shangazi alinifundisha kuing'ata sambusa kwenye pembe na kuipuliza kwanza, mvuke utoke. Kisha tulipita kwa mama aliyeuza sharubati ya ukwaju kwenye ndoo ya bati iliyofunikwa kitambaa cheupe, baridi kwa sababu ndoo ilikaa ndani ya maji ya mtungi. Na mwisho tulikwenda stesheni. Nje ya uzio wa stoo ya mizigo alikaa muuza mishikaki. Aliichoma juu ya ringi ya gari, akakuvulia nyama kutoka kwenye njiti na kukuwekea juu ya kipande cha gazeti, na chumvi na pilipili pembeni.

Hapo ndipo tulipomkuta dereva mmoja. Aliendesha lori lililoleta marobota ya pamba kutoka Igunga kuja kupakiwa kwenye treni, na Jumamosi alikuwa Tabora. Alikuwa mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kisukuma. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa utulivu, kama mtu anayemwitikia mtu mzima. Sikuwahi kumwona akimshika shangazi hata kidole. Walisimama hatua mbili mbali, wakazungumza kidogo, wakatazama mabehewa. Shangazi alimletea kashata zilizofungwa kwenye leso, naye alizila zote palepale, akaikunja leso na kuirudisha. Mimi niliachiwa nyama. Nilijua kwamba kuna jambo pale ambalo bibi hapaswi kulijua, lakini nilijua pia kwamba nikilisema mishikaki itakwisha. Huo ndio ukweli, na sitaupamba.

Harusi ilipangwa kuwa Alhamisi. Jumamosi iliyotangulia, tangu asubuhi, ua wetu ulijaa wanawake wakikaanga visheti. Beseni mbili kubwa zilijaa, vikaviringishwa kwenye shira yenye iliki mpaka vikawa vyeupe. Shangazi mwenyewe alikata unga. Alasiri alimwomba bibi ruhusa ya kwenda kununua uzi wa kumalizia foronya ya mwisho. Wanawake walicheka, wakasema mwali hatoki nje wiki ya harusi. Bibi alisitasita, akanitazama, akamwambia aende na mtoto, arudi upesi.

Siku hiyo hatukwenda dukani wala mgahawani. Tulikwenda moja kwa moja stesheni. Lori lilikuwa limekwisha kushusha pamba na injini ilikuwa inanguruma. Shangazi alinikalisha juu ya gogo, akaninunulia mishikaki, akachuchumaa mbele yangu na kunifunga ushungi upya ingawa haukuwa umelegea. Akanitajia jina la mahali karibu na Igunga, kwao dereva, akanitaka nilirudie. Nililirudia mara tatu.

"Ngoja Alhamisi ipite," akaniambia. "Ikipita, mwambie bibi yako nilipo. Mwambie yeye peke yake. Mwambie akitaka nije nimpigie magoti, atume mtu yeyote, nitakuja siku hiyohiyo."

Nikamuuliza leo niseme nini. Akasema niseme alibaki dukani, duka lina watu wengi. Kisha akapanda lori, na lori likaondoka kuelekea barabara ya Nzega. Nilibaki kwenye gogo nikila. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba nyama ile ilinikwama. Haikunikwama. Ilikuwa laini na tamu, nikaimaliza yote, nikalamba chumvi kwenye gazeti.

Nyumbani nilisema nilivyoagizwa. Magharibi ilipoingia baba akaenda dukani, duka limefungwa. Siku zilizofuata walimtafuta kila mahali. Baba alikwenda hospitali, alikwenda polisi, alichungulia visima. Mjini wakasema yao, wengine kwamba amejitosa, wengine kwamba amechukuliwa na watu wa mbali. Mimi niliulizwa na kila mtu, na kila mtu nilimjibu vilevile, kwamba alibaki dukani. Mchumba alikuja Jumatano, akakaa kibarazani na baba kwa muda, akanywa maji, akaaga kwa adabu. Alhamisi ikafika, ikapita.

Ijumaa nilikuwa tayari. Nilikuwa nimelirudia lile jina kimoyomoyo usiku na mchana lisinipotee. Nilimkuta bibi jikoni peke yake, amenipa mgongo, anafunika beseni za visheti kwa kanga. Nikasimama mlangoni nikivuta pumzi. Kabla sijafungua kinywa akasema, si kwa sauti kubwa, wala sidhani alijua kwamba niko pale:

"Aliyejua akanificha, Mungu asimpe raha."

Nilirudi nyuma taratibu nikatoka uani. Nikajiambia nitamweleza kesho, hasira ikipoa. Kesho yake nikajiambia keshokutwa. Sikujua wakati ule kwamba uongo wa siku moja mtu anaweza kuungama, lakini wa wiki mbili unakuwa na wenyewe, na wa miezi sita unakuwa umehamia ndani na kukufukuza wewe.

Hivyo ndivyo tulivyokula visheti. Mwanzoni vilikuwa vikavu na vyepesi, vikivunjika kwa sauti. Baada ya wiki mbili shira ilianza kutoa jasho na vikashikana. Bibi alitugawia kila mtu vinne, yeye mwenyewe akichukua kimoja na kukishika mkononi mpaka chai ipoe. Mama alimshauri vipelekwe msikitini vikawe sadaka. Bibi akasema sadaka hutolewa kwa aliyekufa, na mwanawe hajafa.

Baada ya visheti kwisha alianza jambo jingine. Kila Jumamosi alipika kitu, kashata au vitumbua au mkate wa kumimina, akatenga sahani moja na kuifunika kawa, akaiweka kwenye meza ndogo inayoelekea mlango. Alikaa nayo tangu alasiri mpaka magharibi. Kisha alituachia sisi watoto tule. Mara mbili alinituma nikafungue mlango akisema amebisha, na mara mbili nilifungua nikaikuta barabara tupu, na vumbi na mbuzi wa jirani. Mara ya tatu hakunituma. Nilinyanyuka mwenyewe, kwa sababu nilisikia. Mabisho matatu, mepesi, ya kidole kimoja, kama alivyokuwa akibisha shangazi. Nilifungua, na hakukuwa na mtu. Nilipogeuka bibi alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ananishuku. Hakuniuliza. Mpaka leo sijui kwa nini hakuniuliza. Labda aliogopa jibu kama mimi nilivyoliogopa swali.

Masika ya pili tangu shangazi aondoke, bibi alianza kukohoa. Alilala kitandani wiki tatu. Katika siku zake za mwisho aliwaita watu wengi, na mimi aliniita nikamsugue miguu. Nilisugua. Jina la kile kijiji lilikuwa pale ulimini mwangu. Alikufa Jumanne asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo, na siku ya tatu ikasomwa hitima.

Watu walipotawanyika nilimfuata baba sokoni. Alikuwa amerudi kwenye cherehani, anashona sare za shule. Nikasimama karibu na gurudumu nikamwambia kila kitu, kuanzia leso ya kashata mpaka lori. Hakuacha kukanyaga. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniuliza tangu lini najua. Nikasema tangu siku ile. Nilingoja anipige. Aliikunja ile sare, akaitandaza, akaikunja tena, kisha akasema nikamwambie mama aniandalie nguo, kesho tunasafiri.

Tulikwenda kwa basi mpaka Nzega na kwa lori mpaka Igunga, halafu kwa miguu. Njia nzima baba alisema nami maneno ya lazima tu, kula, kunywa maji, shuka. Tulipofika mahali penye lile jina hapakuwa na watu. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, na sisi wa mjini tulikuwa tumesikia habari zake redioni bila kuziona. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa. Kuta zilisimama bila paa, nyasi zimeota sebuleni, na kwenye kila ua mafiga matatu yalikaa yakingoja chungu. Mlango mmoja ulikuwa bado umesimama kwenye fremu yake, umefungwa, na nyuma yake hakuna nyumba. Baba aliugusa, sijui kwa nini. Mimi nilidhani nimemleta kaka kwenye kaburi la dada yake.

Mchungaji mmoja wa ng'ombe alituelekeza. Watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara kuu, ambacho tulikuwa tumekipita bila kujua. Tulirudi. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kwenye nyumba ya tano au ya sita ya mstari wa kwanza nilimwona shangazi, mtoto mgongoni, anatwanga mchele.

Aliuacha mchi ukaanguka. Alikuja akapiga magoti mbele ya baba akamwamkia, na baba akamwinua. Kisha akanikumbatia mimi, akacheka na kulia pamoja, akasema nimekuwa mrefu. Akamuuliza baba:

"Kaka, mama amekutuma?"

Baba akasema tumekuja kumwona. Yeye akalichukua hilo kuwa ndiyo. Alituweka kwenye kigoda na mkeka, akasema mume wake yuko safarini na lori, na kwamba wamefunga ndoa bomani kwa mashahidi, baba asiwe na wasiwasi. Hakutulia. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na yeye huko aliuza vitumbua, hivyo unga wa mchele ulikuwa tayari umeumuka kwenye chungu. Alichochea moto, akapaka samli kwenye chuma, akaanza kumimina. Alisema hatuwezi kuondoka bila kula, na vingine tutampelekea mama, aone kama bado anaita uji uliokaangwa.

Baba alitazama chini. Nilimtazama nikimwomba kwa macho aseme, naye hakuweza.

Shangazi aligeuza vitumbua kwa kijiti huku akieleza. Mwezi wa kwanza hakufungua furushi lake, akijua mtu atakuja kumwita. Mwezi wa pili alifungua. Kisha akajiambia mama amejua alipo na amekataa kumtuma mtu, na ni haki yake, na binti aliyekataliwa haendi kujipeleka. Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayesimulia ugonjwa uliopona. Halafu akaniangalia.

"Alhamisi ile ilipopita, ulipomwambia, alisemaje?"

"Sikumwambia."

Hakuelewa. Akauliza kama nilichelewa. Nikasema sikumwambia kabisa, bibi hakujua. Mkono wake ulisimama juu ya chuma. Ndipo baba akasema, taratibu, "Mama tumemzika Jumanne iliyopita."

Nilidhani atapiga ukelele. Hakupiga. Alivigeuza vitumbua vilivyokuwa kwenye chuma kimoja kimoja, akavitoa, akamimina vingine. Aliendelea hivyo mpaka chungu kikaisha. Ilichukua muda mrefu. Kisha alipanga sahani, akatuwekea mbele yetu, akasema kuleni. Akamfungua mtoto, akampa baba ampakate, akaenda nyuma ya nyumba. Kutoka huko ndiko tulikomsikia. Baba alinisogezea sahani. Nilikula kwa sababu sikuthubutu kukataa, na vilikuwa vitamu, vya maziwa mazito ya kule, na kila kimoja nilikimeza na kile kilio.

Alikuja Tabora kwenye arobaini, yeye na mume wake na mtoto. Hata mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuja kwenye kisomo, aliwasalimu vizuri kuliko nilivyotarajia. Shangazi alilala chumba cha bibi, na asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ile meza ndogo akiipapasa kwa kiganja. Nami nilihisi bibi yumo chumbani, ananitazama kwa jicho lile la Jumamosi ya mabisho matatu. Sasa nakaa Ipuli, nyumba mpya kabisa isiyo na historia yoyote, na bado kuna alasiri ninasikia kidole mlangoni. Mume wangu amezoea. Huniambia nikafungue tu, roho itulie. Huwa nakwenda kufungua.

Miaka mingi baada ya arobaini ile, nikiwa mwalimu, shangazi alikuja Tabora kutibiwa macho. Tulipotoka hospitali nilimpeleka kwenye hoteli moja karibu na kituo cha mabasi, wanaume na wanawake meza moja, redio inapiga. Tuliagiza chai na maandazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa muda mrefu, na hapo nikamwomba radhi, kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasema tangu kijijini.

Alikoroga chai yake.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Nilishukuru. Tukala andazi la kwanza tukizungumza habari za macho yake, dawa alizopewa, wajukuu. Akachukua la pili, akalipasua katikati, akanipa nusu.

"Lakini kusema ulikuwa unajua," akaongeza, bila kunitazama.

Alimwita mhudumu akamwomba amfungie maandazi manne kwenye karatasi, ya wanangu, akakataa katakata niyalipie mimi.